Hawa Ndio Wote?

Somo: Hesabu 27:1–11, Matendo 5:1–11, Luka 12:13–15



Mwezi uliopita mchungaji alihubiri kutoka Isaya 38, pale nabii anapomwambia mfalme Hezekia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa sababu kifo kiko karibu. Ibada ilipokwisha, akina dada watatu na mzee mmoja walinifuata nje. Walijua kwamba sisi kwetu tumemaliza mirathi ya baba. Mmoja akauliza, "Dada, hizo fomu zinapatikana wapi?" Mwingine akataka kujua inachukua muda gani. Mzee naye akauliza swali zito zaidi: "Lakini ni sawa kweli mtu aliyeokoka aende kortini kwa ajili ya mali ya marehemu?"

Nimeombwa nijibu hapa. Hatua nitazitaja, maana watu wetu wanaumia kwa kutozijua. Lakini nawaambia mapema, si fomu zilizoninyima usingizi. Ni swali moja fupi ambalo chifu aliuliza huku akitafuta muhuri wake mezani: "Hawa ndio wote?"

Mali iliyo katikati

Baba alikuwa dereva wa lori kwa miaka mingi. Baadaye akaokoka, akaacha barabara, akawa mzee wa kanisa. Alifariki bila kuandika wosia. Alimwacha mama, kaka zangu wawili, mdogo wangu wa kike na mimi. Aliacha pia shamba la ekari tano, ng'ombe wawili, pesa kidogo benki na simu yake.

Kabla hata hema la matanga halijateremshwa, ile simu ilikuwa imeshaanza kuleta maneno. Kaka yangu mdogo alijua namba ya siri ya baba, akatoa pesa zilizokuwa kwa M-Pesa. Hakuzila, alimaliza deni la jeneza. Baba mdogo naye akaondoka na ng'ombe mmoja, akisema ndugu yake alikuwa amemwahidi. Sote tuliona ni mambo ya kawaida.

Kumbe sheria haioni hivyo. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ambayo ilianza kutumika mwaka wa 1981, inasema katika kifungu cha 45 kwamba mtu yeyote asishike, asiuze wala asitumie mali ya marehemu kama hajaruhusiwa na sheria au na mahakama. Anayevunja anaweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Mimi niliposikia nilisema, ukali wote huu wa nini? Si ni mtoto na mali ya baba yake?

Lakini hebu fikiria. Baba hawezi kumiliki tena, na sisi bado hatujapewa. Mali iko katikati. Ni kama sadaka iliyo kwenye kikapu kabla ya kuhesabiwa: si ya aliyetoa, na bado haijafika kwa mhazini. Mtu akiingiza mkono hapo, hata akisema anaenda kununua viti vya kanisa, ameingiza mkono pasipo pake. Gharama za mazishi na madeni sheria yenyewe imeziweka mbele ya ugawaji, lakini alipe yule aliyepewa kazi hiyo, na aonyeshe hesabu.

Hapo ndipo ninapomjibu mzee wetu. Paulo katika 1 Wakorintho 6 anatukemea kwa kushtakiana, ndugu kwa ndugu, mbele ya wasioamini. Kuomba mirathi si kushtaki mtu. Ni familia kwenda kusema ukweli mahali penye kumbukumbu: fulani amekufa, aliacha hiki, aliacha hawa. Mahakama haikupi umiliki siku hiyo. Inakupa usimamizi. Na sisi tuliosoma mifano ya Bwana Yesu tunajua msimamizi ni mtu wa namna gani. Ni mtu atakayeulizwa hesabu.

Hatua zenyewe, kwa ufupi

Kwanza mnatafuta cheti cha kifo. Halafu mnaenda kwa chifu, awape barua inayotaja walioachwa na marehemu, jina kwa jina. Kama kuna shamba, mnapata uthibitisho kutoka ofisi ya ardhi kwamba limeandikwa kwa jina lake. Mjane ndiye anayetangulia katika kuomba usimamizi, na wasimamizi hawazidi wanne. Ikiwa kuna watoto walio chini ya miaka 18, wasimamizi wanapaswa kuwa angalau wawili.

Maombi yanapelekwa mahakamani pamoja na hati ya kiapo, ile fomu inayoitwa P&A 5, ambayo ndani yake mnaapa kuhusu mali, madeni na watu walioachwa. Wenye haki sawa na mwombaji wanatia sahihi fomu ya ridhaa, P&A 38. Kisha tangazo linachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Kukiwa hakuna pingamizi, mnapewa hati ya usimamizi. Msikimbilie kugawa! Kwa kawaida mnangoja miezi sita, halafu mnarudi mahakamani kuithibitisha hati hiyo pamoja na mpango wa kugawa. Ikithibitishwa ndipo mnaenda kubadilisha hati miliki.

Kama marehemu alikuwa na akiba katika Sacco, au malipo ya uzeeni, ulizeni kama aliandika jina la mtu wa kulipwa akifa. Pesa za namna hiyo mara nyingi hulipwa nje ya mirathi. Wengi hawajui.

Basi. Hizo ndizo hatua. Sasa nirudi kwa lile swali.

Jina langu

Jumamosi moja kabla ya kwenda kwa chifu tulikaa kikao nyumbani. Kaka yangu mkubwa akasema wasichana tutie sahihi kwamba hatutaki chochote. "Wewe ulishaolewa," akaniambia, "una shamba kwa mume wako. Na huyu mdogo ataolewa."

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nikawaambia sheria yetu, inaposema watoto wagawane sawa, haisemi wavulana. Nikawaambia mwaka wa 2005 Mahakama ya Rufaa huko Eldoret, katika kesi ya Rono, ilikataa mgawo uliowapa mabinti sehemu ndogo kuliko ndugu zao, na ikakataa ile hoja kwamba mabinti wataolewa. Halafu nikafungua Biblia, Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, Mala na Noa na Hogla na Milka na Tirsa, walisimama mbele ya Musa na viongozi wote wakadai urithi wa baba yao, na Mungu mwenyewe akamwambia Musa wanasema haki. Nikaongeza Ayubu, ambaye mwishoni aliwapa binti zake urithi pamoja na ndugu zao.

Kaka akanyamaza. Mama akasema, "Imetosha. Watoto wangu wote wataandikwa." Nilitoka kwenye kile kikao nikijiona kama Debora.

Jina lake

Jumanne tukaenda kwa chifu: mama, kaka mkubwa na mimi. Chifu akaandika majina. Mjane, watoto wanne. Akainua macho akauliza, "Hawa ndio wote?"

Kaka akasema, "Ndio wote." Mama alikuwa anaangalia mikono yake. Mimi nikanyamaza. Muhuri ukagonga karatasi.

Wapendwa, hawakuwa wote. Kuna kijana ambaye baba alimzaa siku zake za lori, kabla hajaokoka, katika mji mmoja wa njiani. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeshaolewa wakati nilipoona risiti za karo kwenye koti la baba, jina la mwanafunzi likiwa na jina letu mwishoni. Nilimuuliza, na baba hakunificha. Alisema, "Huyo ni ndugu yenu. Nilikosa mimi, yeye hakukosa." Siku ya mazishi alikuja. Alisimama karibu na ua, amevaa shati jeupe. Historia ya marehemu iliposomwa hakutajwa. Alitupa udongo mwishoni kabisa, baada ya majirani.

Tukiwa njiani kurudi kaka alijitetea bila hata kuulizwa. Alisema tunalinda jina la baba. Watu watasema nini, mzee wa kanisa? Alisema pia huyo kijana hajawahi kukata majani ya ng'ombe kwetu wala hakumwosha baba alipokuwa mgonjwa. Sisi ndio tulioteseka.

Nami nilikuwa na utetezi wangu. Nilijiambia kwamba mimi sikusema uongo. Aliyesema ni kaka. Mimi nilinyamaza tu, kwa ajili ya amani.

Usiku ule nilirudi kwa Hesabu 27, nafikiri ili nijifariji na ushindi wangu. Nikakutana na mstari wa tatu, ambao nilikuwa nimeusoma mbio mbio kila mara. Wale mabinti, kabla ya kuomba chochote, walieleza baba yao alikufaje. Walisema hakuwa katika uasi wa Kora, ila alikufa katika dhambi yake mwenyewe. Walisema hivyo mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya mkutano wote! Hawakumsafisha baba yao ndipo wapate urithi wake. Walitaja dhambi yake na kwa pumzi ile ile wakaomba jina lake lisipotee.

Mimi nilikuwa nimechukua nusu ya habari yao. Nililitumia Neno kuingiza jina langu, na siku tatu baadaye nikaacha jina la mwenzangu lifutwe. Wote wawili tulikuwa tunanyimwa kwa jambo ambalo hatukulichagua: mimi kwa kuzaliwa msichana, yeye kwa kuzaliwa mahali alipozaliwa. Nilipaza sauti kwa lile lililoniuma mimi.

Halafu nikakumbuka Matendo 5. Tumezoea kusema habari ya Anania na Safira ni ya sadaka. Ni habari ya shamba. Petro alimuuliza Safira swali fupi kama la chifu: mliuza kwa bei hii? Naye akajibu kwa ufupi kama kaka: ndiyo. Nami nikaona mbele yangu ile hati ya kiapo tuliyokuwa tunaenda kuapa. Ukimya wangu ulikuwa wa siku chache tu. Baada ya hapo ungekuwa kiapo chenye sahihi.

Na tusidhani sheria haioni. Kwa upande wa baba, sheria inamhesabu kuwa mtoto wake yule ambaye alimkubali au alijitwika jukumu la kumlea, hata kama hakuwa amemwoa mama yake. Na hati ya usimamizi iliyopatikana kwa kuficha jambo la maana inaweza kufutwa na mahakama hata baada ya kuthibitishwa. Lakini nitakuwa mwongo nikisema niliogopa sheria. Niliogopa kwamba kila asubuhi nitapita kwenye sehemu yangu ya shamba nikijua imetoka wapi.

Urithi si mshahara

Asubuhi nilimkuta mama jikoni. Nikamwambia, "Mama, kuna jina halimo." Nilitarajia alie au anikemee. Alisonga ugali mpaka ukaiva, akaipua, ndipo akasema, "Karo yake ya kidato cha tatu nililipa mimi, baba yenu akiwa amelazwa. Nilikuwa nangoja nione ni nani kati yenu atakayesema."

Tulirudi kwa chifu. Alinung'unika, maana barua ilishapigwa muhuri, lakini akaandika nyingine yenye watoto watano. Yule kijana akapigiwa simu, akaja na kitambulisho na cheti chake cha kuzaliwa.

Hesabu ni nyepesi. Kwa sheria yetu, mjane aliyeachwa na watoto anapata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na anatumia mali iliyobaki maisha yake yote. Baada yake ndipo watoto wanagawana sawa. Kwa hiyo mama anakaa kwenye ekari zake tano. Siku yake ikifika, tungekuwa wanne, kila mmoja angepata ekari moja na robo. Tukiwa watano, kila mmoja ni ekari moja. Robo ekari ndiyo iliyotushika ulimi mbele ya chifu.

Ninyi mnanifahamu, kwa hiyo nitatubu na hili. Moyoni nilitumaini kijana atakataa. Nilitaka aseme, "Asanteni kwa kunitambua, mimi sihitaji shamba," ili niwe nimetenda haki bila kupoteza kitu. Hakukataa. Alisoma fomu polepole, akasema, "Asante, dada," akatia sahihi. Nikajua hapo kwamba nilikuwa nimetaka kumpa heshima badala ya haki yake.

Na ile hoja ya kaka, kwamba hakufanya kazi? Nimeifikiria sana, kwa sababu ina uzito. Anayemwuguza mzazi amefanya jambo kubwa, na familia yenye akili itamshukuru, hata kwa mali wakikubaliana. Lakini urithi si mshahara. Mshahara unapewa kwa kazi, na urithi unapewa kwa kuwa wa mtu. Sisi tunaoimba kila Jumapili kwamba tu warithi pamoja na Kristo, tulikata majani gani katika shamba la Mungu hata tukaandikwa? Tuliingizwa kwa neema, wengine tukitoka mbali na aibu zetu. Kaka mkubwa katika Luka 15 alikuwa na hoja hii hii ya kazi, na baba yake hakumwambia anasema uongo kuhusu kazi. Alimwambia tu kwamba yule ni ndugu yako.

Katika Luka 12 mtu alimwomba Yesu amwambie ndugu yake wagawane urithi, na Yesu akakataa kuwa mgawanyaji, akaonya juu ya tamaa. Zamani nilifikiri anakataza kudai. Sasa naona onyo lile linawahusu wote wawili, anayedai na anayekalia. Tamaa inaweza kuvaa nguo ya kudai haki. Inaweza pia kuvaa nguo ya kulinda jina la marehemu.

Sitawaambia mambo yote yamekuwa mazuri. Kaka mkubwa alikaa miezi bila kuja kwa mama, na hata sasa tunasalimiana kwa kifupi. Hapa hapa kanisani kuna waliosema tumemvua baba nguo. Mimi nasema baba alishatubu mbele za Mungu akiwa hai, na alilipa karo. Waliokuwa wanaona haya ni sisi. Ng'ombe wa kwa baba mdogo naye alirudi, ingawa alikuwa amekonda.

Kwa wewe uliye hai

Baba alipendwa, lakini alituachia swali ambalo angelijibu yeye mwenyewe kwa karatasi moja. Mtu mwenye akili timamu aliyefikisha miaka 18 anaweza kuandika wosia. Tia sahihi mbele ya mashahidi wawili ambao hawarithi chochote humo. Wosia wa mdomo nao unakubalika ukiwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini ukiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuusema, hauna nguvu tena. Kuandika wosia hakuleti kifo, wapendwa. Hezekia aliambiwa atengeneze nyumba, na bado akaongezewa miaka 15.

Na kama kuna jina ambalo halijawahi kutajwa mezani kwako, litaje ukiwa na sauti. Usiwaachie watoto wako walitaje au walifiche mbele ya chifu.

Maswali ya kikundi cha nyumbani

1. Je, kuna mali ya marehemu ambayo naitumia na bado iko katikati?
2. Kuna haki ninayoidai kwa sauti huku nikimnyima mwingine kwa kunyamaza?
3. Nikiulizwa leo, "Hawa ndio wote?", nitajibu nini?

Tuombe

Baba Mungu, wewe ni baba wa yatima na mtetezi wa wajane. Utusamehe kwa majina tuliyoyafuta. Utupe ujasiri wa kusema ukweli unaotugharimu, na utupatanishe na ndugu zetu tuliokosana nao kwa ajili yake. Katika jina la Yesu, amina.